Usumbufu Utakaojitokeza

Mwandishi wenu alipomwambia mkewe kwamba amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili, mama watoto alifurahi, akauliza anakwenda kusomea nini. Akajibu bila kumung'unya: "Mahusiano ya umma."

Mkono uliokuwa ukisugua sufuria ulisimama. "Mahusiano," mama watoto alirudia polepole, kama anayesoma jina la dawa asiyoijua. "Tena ya umma. Kwa hiyo ya hapa nyumbani umeshafaulu?"

Kosa halikuwa la mama watoto. Kiswahili cha redioni na cha mitandaoni kimeliteka neno "mahusiano" na kulifungia kwenye mapenzi. Kipindi cha usiku chenye jina hilo hakijawahi kuzungumzia taarifa kwa vyombo vya habari. Ndiyo maana wenye fani hung'ang'ania "uhusiano kwa umma", na mwenye kazi hiyo huitwa afisa uhusiano. Mwandishi wenu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka tisa, katika mamlaka ya maji ya mji mmoja wa bara, na bado kiambishi kimoja kilimponza jikoni kwake. Siku ya tatu mama mkwe alipiga simu. Hakugomba. Alisema tu, "Baba, nimesikia unakwenda kusomea mambo hayo. Haya, elimu haina mwisho. Ila jioni uwe unarudi kula kwako."

Mamlaka hiyo haitatajwa jina hapa, kwa kuwa mwenye kazi ya kuandika taarifa za kukanusha ni yeye mwenyewe. Chuo nacho hakitatajwa, kwa kuwa cheti bado hakijatoka.

Masomo yalikuwa Dar es Salaam, Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, kwa ajili ya watu wenye ajira. Siku ya kwanza alifika nusu saa kabla ya wakati, akakaa mstari wa mbele kama wakaavyo watu wa miaka 41 waliojilipia ada kwa mkopo wa SACCOS. Akaingia binti mmoja na mkoba wa mgongoni, akaanza kuhangaika na nyaya za projekta. Mwandishi wenu, mtu wa watu, akaona hapo ndipo pa kuanzia. "Binti," akaita, "ukimaliza hapo nisogezee kile kiti nipumzishe mguu, nimetoka safari."

Binti akasogeza kiti. Kisha akarudi mbele, akaandika ubaoni jina lake likiwa na "Dk." mwanzoni, na chini yake jina la somo.

Hapo likazuka jambo ambalo hakuna kitabu cha fani kilicholishughulikia. Kwa umri, mwandishi wenu ndiye wa kuamkiwa. Kwa cheo cha mle darasani, ndiye wa kuamkia. Wiki ya pili walikutana mlangoni uso kwa uso. Alikuwa ameamua njiani kwamba atatoa shikamoo na liwalo na liwe, ila Daktari akamwahi kwa "Habari za safari?" na ulimi, uliokuwa umeshajiandaa kwa mambo ya shikamoo, ukajibu "Marahaba." Kwa mihula miwili iliyofuata, wenzake walimwita Mzee Marahaba.

Somo lenyewe lilianza na mifano minne ya uhusiano kwa umma, kama ilivyopangwa na James Grunig na Todd Hunt katika kitabu chao cha mwaka 1984. Mfano wa kwanza ni ule wa kutaka kutajwa tu, iwe kwa kweli au kwa uongo. Daktari alikuwa bado anatafuta jina lake la Kiswahili wakati mwanafunzi mmoja wa nyuma alipolitoa: "Kupiga debe." Likakaa kama kifuniko kwenye chungu chake. Bingwa wa mfano huo vitabuni ni Mmarekani P. T. Barnum, ambaye mwaka 1835 alimtembeza mji hadi mji bibi mmoja aliyekuwa mtumwa, Joice Heth, akitangaza kwamba ana miaka 161 na kwamba ndiye aliyemlea George Washington. Bibi huyo alipofariki mwaka uliofuata, daktari aliyeuchunguza mwili wake alisema hakuzidi miaka 80. Mwandishi wenu aliandika yote hayo huku akimkumbuka kijana wa stendi aliyemwapia mchana ule kwamba basi "linatoka sasa hivi, imebaki siti moja." Aliingia akakuta siti moja ndiyo iliyokaliwa, na aliyeikalia ni kondakta.

Mfano wa pili ni kutoa taarifa za kweli kisha kuondoka bila kusikiliza majibu. Wa tatu ni kuusikiliza umma ili ujue namna ya kuushawishi, huku wewe mwenyewe hubadiliki. Wa nne, ambao vitabu vinausifu kuliko yote, ni pande mbili kusikilizana na zote mbili kuwa tayari kubadilika. Kwenye basi la kurudi alijipima kwa uaminifu. Ofisi yake ilikuwa mfano wa pili, tena kwa kipaza sauti cha gari la matangazo. Nyumbani, mama watoto alikuwa mfano wa tatu usio na dosari: humsikiliza mumewe kwa makini, humwuliza maswali, kisha hupika kilekile alichokwisha kukipanga.

Wiki ya tatu ilikuwa ya Ivy Lee, mwandishi wa habari aliyehamia upande wa pili wa meza. Lee aliishauri kampuni ya reli ya Pennsylvania iache mazoea ya kuficha ajali. Tarehe 28 Oktoba 1906 treni yake ilipotumbukia majini karibu na Atlantic City na kuua watu zaidi ya 50, kampuni iliwapa waandishi taarifa ya maandishi ambayo vitabu vingi huihesabu kuwa taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari. Tena Lee alikuwa radhi kuwapeleka waandishi kwenye eneo la ajali kwa gharama ya kampuni. Mwanafunzi mmoja, mtu wa redio, akainua mkono akauliza kama walipewa na nauli ya kurudi. Daktari akataka kujua swali hilo linahusianaje na somo.

"Linahusiana, Daktari. Bila nauli ya kurudi, ile habari isingetoka."

Machi ikaingia na Wiki ya Maji, ambayo kilele chake ni tarehe 22, Siku ya Maji Duniani. Kila mwaka mamlaka hushonesha fulana za maandamano. Mwandishi wenu, akiwa Dar es Salaam kwenye korido ya darasa, alimwagiza mchapishaji kwa simu iliyokuwa ikikatikakatika: fulana 120, "rangi ileile ya siku zote." Rangi ya siku zote ya mamlaka ni buluu na nyeupe. Rangi ya siku zote ya mchapishaji, hasa ule mwaka wa tano unapofika, ni kijani na njano, rangi ambazo nchini mwetu zina wenyewe. Mizigo ilifunguliwa usiku wa kuamkia maandamano. Asubuhi, kabla hata bendi haijapiga, mzee mmoja alisimamisha baiskeli yake, akaitazama safu ya wafanyakazi na kuuliza kofia na khanga zinagawiwa wapi.

Kwa bahati, au kwa balaa, wiki hiyohiyo darasa lilikuwa limemsoma Edward Bernays. Huyu alizaliwa Vienna, akawa mpwa wa Sigmund Freud, na aliishi miaka 103, ya kutosha kujisifia kila alichofanya. Mwaka 1934 kampuni ya tumbaku iliyomwajiri iligundua kwamba wanawake hawaupendi mfuko wa kijani wa sigara za Lucky Strike kwa sababu hauendani na nguo zao. Mwenye kampuni alikataa kubadili mfuko. Bernays akaamua kubadili nguo: akachochea dansi kubwa la watu wa heshima katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, ambako rangi iliyotakiwa ilikuwa kijani, na wanamitindo wakafuata.

Mwandishi wenu alimsimulia mkurugenzi kisa hicho, akipendekeza kwamba badala ya kuiogopa rangi, mamlaka iitangaze kuwa ni rangi ya mazingira. Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo Bernays alikuwa mtumishi wa umma?"

"Hapana, Mkurugenzi."

"Basi geuzeni fulana."

Wafanyakazi 120 wakaandamana na fulana zilizogeuzwa ndani nje, mishono ikiwa juu na lebo zikipepea shingoni. Ujumbe wa kutunza vyanzo vya maji ulionekana kwa mbali upande wa pili wa kitambaa, ukisomeka kwa yeyote aliyebeba kioo.

Hayo yote yalikuwa mazoezi. Mtihani wenyewe ulikuja na somo la mawasiliano wakati wa janga.

Kisa kinachofundishwa kila mahali katika somo hilo ni cha Chicago, mwaka 1982, watu saba walipokufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sayanidi na mtu ambaye mpaka leo hajatiwa hatiani kwa mauaji hayo. Kampuni ya Johnson & Johnson haikungoja kuambiwa. Iliwaonya watu wasivitumie, ikaziondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100, kisha ikarudi sokoni na kifungashio ambacho kikichezewa mnunuzi anaona. Darasa lilikaa kimya. Daktari akatoa zoezi: kila mmoja abuni janga katika taasisi yake, aandike taarifa kwa umma ndani ya saa moja, na aitume kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Akasisitiza uhalisia.

Mwandishi wenu aliandikia ndani ya basi, Jumamosi usiku, na uhalisia haukumpungukia. Alitumia karatasi yenye nembo ya mamlaka, akaweka kumbukumbu namba, akaandika kwamba kemikali imeingia kwenye tangi kuu na kwamba wakazi wote wasinywe maji ya bomba hadi watakapotangaziwa. Akatuma saa 2:40 usiku. Kwenye simu yake kundi la darasa na kundi la waandishi wa habari wa mkoa yalikuwa yamepakana, na yote mawili yana picha ya kipaza sauti.

Zikatokea tiki mbili. Zikawa buluu. Kisha mtangazaji mmoja akajibu: "Asante sana afisa, tunaenda nayo hewani."

Mikono ikaanza kutetemeka. Akaubonyeza ule ujumbe, simu ikamletea njia mbili: kuufuta kwa wote, au kuufuta kwake peke yake. Kidole kilipokuwa kinashuka, basi likaruka tuta. Kuanzia dakika hiyo taarifa ile ilionekana na mji mzima isipokuwa yeye.

Alitaka kupiga simu. Dakika zilikuwa zimekwisha. Alitaka kununua bando, mtandao ukapotea. Abiria wa jirani alimwazima simu, lakini namba ya mtangazaji aliikumbuka nusu, na nusu aliyoikumbuka ilikuwa ya fundi wa friji. Huko mjini maji ya chupa yaliisha kwanza kwenye maduka ya barabarani, kisha kwenye vioski vya ndani, na wauza maji wa mikokoteni wakapandisha bei ya dumu bila hata mmoja kujiuliza maji yao wameyachota wapi. Simu ya mwandishi wenu iliporudiwa na mtandao, aliyetangulia kupiga alikuwa mama mkwe. "Baba, hayo maji mmeyatia nini? Ndiyo mliyokwenda kusomea?"

Kanusho lilitoka baada ya dakika 52. Aliliandika kwa kasi, bila kufikiri, kama mtu anavyoandika sahihi yake. Lilieleza kwamba maji ni salama na kwamba taarifa ya awali ilikuwa zoezi la kitaaluma, kisha likafungwa kwa sentensi iliyofunga kila tangazo alilowahi kuandika: tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza.

Jumatatu aliitwa. Kwa ajili ya mtihani alikuwa amekariri njia tano za kurejesha heshima baada ya kosa, kama alivyozipanga William Benoit: kukana, kukwepa wajibu, kupunguza uzito wa kosa, kurekebisha, na kukiri kwa kuomba msamaha. Vitabu havisemi kwamba ni lazima zitumike zote, wala kwa mpangilio. Yeye alianza ya kwanza, akasema huenda simu imedukuliwa. Mkurugenzi akamwonyesha picha ya ule ujumbe. Akaenda ya pili, akaeleza habari za tuta. Akaenda ya tatu, akasema hakuna aliyeumia. Alipoanza ya nne, mkurugenzi akauliza kama zimebaki nyingi.

Hapo akakumbuka Hawaii. Tarehe 13 Januari 2018, saa mbili na dakika saba asubuhi, wakazi wa jimbo hilo la Marekani walitumiwa ujumbe kwenye simu kwamba kombora linakuja na kwamba hilo si zoezi. Hakukuwa na kombora. Ujumbe wa kukanusha ulifika kwenye simu zao dakika 38 baadaye, na Gavana David Ige alikiri kwamba hakujua nywila ya akaunti yake ya Twitter. Mwandishi wenu alisimulia kwa ustadi, akihitimisha kwamba serikali yenye mitambo yote ile ilichukua dakika 38, na yeye, ndani ya basi, dakika 52.

"Huyo gavana alifanywa nini?" mkurugenzi aliuliza.

"Alichaguliwa tena, Novemba ya mwaka huohuo."

"Na aliyebonyeza?"

Mwandishi wenu alitazama zulia. "Alifukuzwa kazi."

Mkurugenzi akasema ofisi hii haina gavana. Barua ya onyo ikaandikwa siku hiyo, na kwa kuwa aliyezoea kuandika barua nzuri pale ofisini ni mmoja, rasimu aliiandaa mwenyewe.

Chuoni mambo yalikuwa tofauti. Zoezi lilipata alama 34 kati ya 40, likiwa na maoni ya Daktari pembeni: "Uhalisia mzuri sana. Zingatia orodha ya usambazaji." Kanusho nalo alilisoma, kwa kuwa lilikuwa limezagaa hadi Dar es Salaam. Hapo kalamu nyekundu ilizungushia neno moja tu, la mwisho, na kuandika juu yake: "Lini?"

Aliligeuza swali hilo njia nzima. Watu walikuwa wameshagombania chupa, wameshalipia madumu mara mbili, wameshampigia mama mkwe, na mamlaka inaomba radhi kwa usumbufu *utakaojitokeza*, kana kwamba uko njiani kama mgeni aliyechelewa basi. Usiku huo alifungua faili la matangazo ya miaka tisa. Bomba lililopasuka juzi: utakaojitokeza. Mgao uliomaliza wiki ya pili: utakaojitokeza. Mengine yalisema "usumbufu wowote utakaojitokeza", hapo shaka ikiwa mara mbili, maana usumbufu haujaja na huenda usije kabisa.

Tasnifu yake ilikuwa imekwama hadi wakati huo. Mada ya kwanza aliyopeleka ilikuwa gazeti la *Mambo Leo*, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, mwaka uleule Bernays alipotoa kitabu chake cha kwanza cha fani hii. Daktari alisema ni mada nzuri kwa mtu mwenye miezi ya kukaa kwenye nyaraka, si mwenye Ijumaa na Jumamosi. Ya pili ilikuwa mradi wa karanga wa Kongwa na Nachingwea. Mradi huo ulianza mwaka 1947, mwaka ambao Chuo Kikuu cha Boston kilifungua shule ya uhusiano kwa umma, na hadi Waingereza walipoufunga mwaka 1951 ulikuwa umemeza paundi milioni 36. Daktari aliuliza swali lake la utafiti ni lipi. Akajibu, kwa ukweli wote, kwamba alitaka tu watu waujue. Sasa, kwa neno moja lililozungushiwa wino, akapata ya tatu: lugha ya kuomba radhi katika matangazo ya kukatika kwa maji.

Na neno lenyewe, ukiliangalia, si la mchezo. Radhi mtoto huiomba kwa mzazi kabla ya safari ndefu. Mtu aliyenyimwa radhi na mama yake, mtaa mzima humwonea huruma. Mamlaka ilikuwa imelichukua neno hilo na kuligeuza muhuri wa mpira. Daktari alimwelekeza kwenye kisa cha Uingereza, Februari 2018, mgahawa wa KFC ulipobadilisha msafirishaji na kujikuta mamia ya matawi yake hayana kuku. Kampuni ilinunua ukurasa mzima wa magazeti, ikaweka picha ya ndoo tupu yenye herufi za jina lake zilizopangwa upya ziwe karibu na tusi, ikakiri waziwazi kwamba mgahawa wa kuku usio na kuku ni kituko, na ikawaomba radhi wateja, hasa wale waliosafiri kuja kukuta mlango umefungwa. Mwandishi wenu alisoma hayo akiwaza mamlaka ya maji isiyo na maji. Aliandika pembeni: "Ndoo tupu tunazo."

Utafiti wa uwandani ulichukua wiki tatu. Dodoso lake lilifuata kipimo kilichobuniwa na Rensis Likert mwaka 1932: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Mama lishe wa kona ya mtaani kwake alikuwa mhojiwa wa kwanza. Akamsomea: "Tangazo la mamlaka hunifanya nihisi kuheshimiwa."

"Shemeji," mama lishe akasema huku akigeuza chapati, "maji yanarudi lini?"

Akamweleza kwamba ni lazima achague moja kati ya tano. Mama lishe akafikiri, akasema yeye anachagua ya sita, yanarudi lini. Wengine walimwona na karatasi wakadhani amekuja kusikiliza malalamiko ya ankara, wakaingia ndani kuzileta. Alirudi nyumbani na madodoso 40, na ankara 27 ambazo wenyewe waliapa hawazitaki tena.

Programu ya kukamata wizi wa kitaaluma ikamwaibisha kwa namna yake. Sura ya nne, yenye nukuu za matangazo yake mwenyewe, ilirudi imepakwa rangi karibu yote: kila tangazo lilifanana na matangazo ya mamlaka nyingine za maji, ya umeme, ya barabara, na la benki moja iliyokuwa ikihamisha tawi. Msimamizi alimtaka aeleze nani alimwibia nani. Maelezo hayo yaligeuka kuwa sehemu bora ya tasnifu.

Kabla ya utetezi aliona ni haki ajaribu dawa yake kazini. Bomba la mtaa wa sokoni lilipopasuka, aliandika tangazo jipya kabisa. Lilitaja mitaa isiyo na maji, saa yalipokatika, kilichopasuka, siku mafundi watakapomaliza, mahali boza litakaposimama asubuhi na jioni, na namba ya simu inayopokelewa. Mwishoni aliandika: "Tumewasumbua tangu jana. Tunaomba radhi." Mkurugenzi alisoma akitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema elimu ni kitu, akasaini. Kisha, kwa kalamu yake ya wino wa kijani, akakata ule mstari wa mwisho na kuandika mwingine juu yake. Mwandishi wenu hakuhitaji kuusoma.

Siku ya utetezi ilikuwa Jumamosi. Alipita, akiwa na marekebisho madogo. Mjumbe mmoja wa jopo alimtaka aondoe jina la Barnum au aeleze limefikaje kwenye tasnifu ya maji. Akapanda basi akiwa bado na suti. Alimpigia mama watoto mara mbili ampe habari njema, simu ikawa haipokelewi. Alifika nyumbani usiku, nyumba giza, na kwenye mlango pamebandikwa karatasi ya daftari kwa plasta ya kidonda.

"TAARIFA KWA UMMA. Leo Jumamosi hapakupikwa. Sababu: maji yamekatika tangu saa moja asubuhi, na wahusika wanajua. Watoto na mama yao wako kwa bibi hadi kesho saa sita mchana. Chakula kipo kwa mama lishe wa kona, amelipwa sahani moja, anafunga saa tatu kamili. Nyuma ya mlango kuna dumu moja: ni la kuoga, si la vyombo. Vyombo viko kwenye karai, vinamsubiri mwenye shahada. Imetolewa na Kitengo cha Mahusiano."

Aliisoma mara mbili akiwa amesimama, kwa macho ya mtafiti. Sababu ilikuwepo, muda ulikuwepo, eneo lilitajwa, na njia mbadala ililipiwa kabisa. Radhi haikuombwa popote. Akatoa simu aipige picha iwe kiambatisho, kisha akaiona saa kwenye kioo: tatu kasoro dakika nne. Mkoba akautupa barazani, akashika tai isimpepee usoni, akakimbia kuelekea kona, ambako mama lishe alikuwa anamwagia moto maji ya mwisho ya dumu lake.